Waliolala Kibarazani

Jumatatu ya pili ya mwezi wa Shaaban, mwaka 1304 wa Hijra, Mwinyijuma bin Bwanausi aliitwa kwa liwali wa Bagamoyo kabla hajamaliza kahawa yake ya asubuhi. Kukatiziwa kahawa ni jambo ambalo hakuwa mwepesi wa kulisamehe, lakini alikwenda. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mfupi, kitambi kimetangulia, na kazi yake ilikuwa kumtafutia liwali ukweli pale ambapo mji umekwisha uchafua kwa maneno.

"Unamjua Sada?" liwali aliuliza.

"Mpishi wa shughuli? Harusi yangu ya pili alipika yeye, bwana. Watu walilamba vidole mpaka nikaona haya."

"Basi safari hii wanasema amepika mauti."

Liwali akamweleza. Mwezi uliopita alifariki Muhidini, mchuuzi wa tumbaku, aliyekuwa ameoa binti wa milimani, Usambara. Siku ile ile aliyokata roho walifika wakwe zake, wanaume saba na mama mtu, wakiwa na mizigo ya tumbaku. Wakakuta msiba, wakakaa matanga siku tatu, na chakula cha siku zote tatu alipika Sada, mtalaka wa marehemu. Siku kumi na mbili baadaye wanaume wale wakaanza kuanguka. Mwili unatetemeka, kichwa kinapasuka, macho manjano. Sita kati ya saba waliugua. Kijana wao, Mweta, alikuwa amezikwa juzi.

"Kaka yake, Mbelwa, amekuja hapa akishikiliwa mabega huku na huku, akasema mke aliyeachwa amewatilia sumu ndugu wa mke aliyebaki. Wivu. Mji mzima unasema hivyo hivyo. Na mimi mwezi wa Ramadhani unanijia, sitaki damu mjini. Ijumaa, baada ya sala, nampeleka Unguja na minyororo yake. Ukiwa na neno la kuniambia, niambie kabla ya hapo."

"Ahsante, bwana."

"Ahsante ya nini?"

"Ya siku nne."

Ndiyo tabia yake. Kila aliyempa neno alimshukuru, na mwongo alimshukuru zaidi, kwani mkweli humpa mtu jibu moja tu, lakini mwongo humwonyesha mahali pa kuchimba. Wakorofi wa mjini walimwita Mwinyi Ahsante. Hakujali, alijua walikuwa wakimwogopa.

*

Sada alikuwa amefungiwa chumba cha chini ngomeni. Mwanamke mkubwa wa mwili, mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto, hakusimama alipomwona.

"Umekuja kunisikiliza au kunihukumu, Mwinyi?"

"Kukuuliza tu, bibi. Ulikwendaje kupika msibani kwa mtu aliyekuacha?"

"Aliniacha kwa kuwa sikumzalia. Hakuniacha kwa ubaya. Nilimpenda hai, nikampikia alipokufa. Kuna ajabu gani?"

"Chakula kilikuwa nini?"

"Wali, mchuzi wa mbuzi, mbaazi za nazi. Siku ya tatu bokoboko."

"Nani alikionja?"

"Mimi. Kila sufuria naionja kabla haijateremka."

"Nani alikula?"

"Mtaa mzima! Watu mia mbili kwa siku. Sinia za wageni zilipakuliwa chungu kile kile walichopakuliwa mashehe."

"Na mtaa haukuugua?"

"Vitoto viwili vitatu, homa ya masika ya kila mwaka. Wakubwa wazima wote. Wewe mwenyewe ulikuja siku ya pili, ukaongeza mara mbili."

Mwinyijuma alikohoa kidogo. "Mara tatu. Ahsante kwa kunisitiri."

Akageuka kutoka. Sada akamwita.

"Mwinyi. Wale wagonjwa, nani anawapikia uji? Wageni wale, hawana mtu mjini. Uji wa homa unataka uwe mwembamba, utiwe ndimu."

Mpelelezi aligeuka tena. Aliwahi kuona wauaji, na baadhi yao walikuwa waigizaji hodari, lakini hakuwahi kuona mmoja aliyekumbuka ndimu.

Hata hivyo hakuishia hapo. Alijijua kwamba anampenda kwa ajili ya tumbo lake, na hilo si shahidi mzuri. Alikwenda moja kwa moja mpaka uani kwa Sada, akaitoa ile sufuria kubwa ya shaba anayopikia shughuli. Shaba iliyokwisha bati huota kutu ya kijani, na kutu ile imewahi kuangusha harusi nzima. Aliingiza kichwa ndani kama anayetafuta pete, akakwaruza kwa ukucha, akalamba ukucha. Bati lilikuwa jipya, jeupe, halijaguswa na kutu. Tena alikumbuka kwamba mwenye kula sumu ya shaba hutapika kabla hajanawa mikono. Hawa walikula, wakashiba, wakakaa siku kumi na mbili wakicheka na watu. Sumu gani inayongoja hivyo? Aliwauliza waganga wawili wa mjini. Mmoja alisema haipo. Wa pili alisema ipo, ila hajawahi kuiona, na yeye ndiye aliyepata ahsante ndefu zaidi.

*

Nyumbani kwa marehemu nusura avunjike mguu. Kando ya kibaraza kulikuwa na mashimo matatu makubwa, mahali ambapo Muhidini alichimbisha udongo wa kukandikia ukuta mpya, na mvua za masika zilikuwa zimeyajaza maji mpaka juu. Ukuta wenyewe ulikuwa haujakandikwa mpaka leo. Mwinyijuma aliyazunguka akijishika kanzu, akapiga hodi.

Mjane, Mwanahija, alikuwa katika eda, haonekani na mwanamume asiye wake. Mpelelezi aliketi ukumbini kwenye mkeka, na nyuma ya mlango wa chumba sauti mbili zikamkaribisha, moja changa na moja ya mtu mzima.

"Shikamoo, mama," alisema kwa ile ya mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Pole na wewe kwa msiba juu ya msiba. Sitakukalisha. Siku za matanga ulilala wapi?"

"Humu humu na binti yangu."

"Ulikula nini?"

"Alichokula kila mtu. Mwanangu Mweta alikula mpaka tukamcheka. Sinia yetu aliileta Sada mwenyewe."

"Alimlisha binti yako?"

Mwanahija akajibu mwenyewe. "Kwa mkono wake, Mwinyi. Mimi nilikuwa sitaki kula. Alinimegea tonge akaniambia, kula mwanangu, wewe umefiwa na mume, mimi nimefiwa na rafiki. Kaka Mbelwa hataki kunisikia. Anasema nimerogwa."

"Na nyinyi wawili hamkuugua?"

"Hata mafua," alisema mama. "Na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kushuka pwani."

"Mlilala kitandani?"

"Msibani, kitandani? Tulilala chini mkekani kama watu wote. Ila walitutundikia chandarua cha marehemu, kile cha bafta, mpaka chini. Wanawake walikuwa wakiingia na kutoka usiku kucha kutoa pole, mlango hauna pazia, wakaogopa wanaume wasije wakamwona mwanangu. Ikawa ndiyo stara yetu."

"Na wanaume walilala wapi?"

"Nje, kibarazani. Mikeka mitupu. Chandarua msibani cha nini, ingekuwa kama tumekuja kustarehe. Matanga yalipoanuliwa ndiyo wakapewa vyumba kwa jirani."

Mwinyijuma alishukuru, akasimama, akaketi tena.

"Wanaume walikuwa saba. Mmoja hakuugua."

Mama akasema polepole, "Hoza, mtoto wa ndugu yangu. Mbelwa sasa anamshuku naye. Anasema alijua chakula kina nini."

*

Hoza alikuwa amejibanza nyumba ya jirani, akiwabadilishia wagonjwa vitambaa vya maji kichwani. Kijana mrefu, shuka moja begani. Kila alipoulizwa alipolala siku za matanga alijibu haraka mno.

"Kibarazani."

"Kati ya nani na nani?"

"Kati ya... Mweta na Mbelwa."

Kutoka kitandani Mbelwa, mwenye midomo iliyopasuka kwa homa, akanguruma, "Mwongo. Pembeni mwangu hakukuwa na mtu. Mwinyi, mfunge na huyu."

Mwinyijuma alimshika Hoza mkono akamtoa uani. Akaushika upindo wa shuka ile, akausugua kwa kidole gumba. Kidole kikawa cheusi.

"Ahsante kwa uongo wako, baba. Haya masizi hayatoki kibarazani. Ulilala jikoni kwa Sada."

Hoza aliinamisha kichwa. Mpelelezi alingoja. Alijua mambo mawili humpeleka kijana jikoni usiku, na moja ni sumu.

"Usimwambie Mbelwa," Hoza alisema. "Nitachekwa mpaka kwetu Vugha. Mwanamume mzima, mkwe, kulala jikoni kwa wanawake! Lakini usiku wa kwanza wale mbu, Mwinyi... Sisi kwetu juu hatuna wadudu wale. Nilijikunja nikaona nitalia. Sada alikuwa amewasha makumbi ya nazi, moshi umejaa, macho yanachoma, lakini mbu hakuna hata mmoja. Nikamwomba, akanitandikia jamvi. Ndugu zangu walicheka mbu, wakasema mwanamume haliwi na inzi."

"Usiku mmoja?"

"Siku zote tatu. Na nilikula zaidi ya wote, maana nilikuwa karibu na sufuria."

Mwinyijuma aliangua kicheko, akamkumbatia kijana wa watu, masizi yakahamia kwenye kanzu yake mpya. Kisha akaacha kucheka ghafla. Wanawake ndani ya bafta. Hoza ndani ya moshi. Sita nje, kando ya maji.

*

Juu ya duka moja mtaa wa Wahindi alipanga Daktari Kaitano, Mgoa aliyetoka Unguja miezi miwili nyuma na hadubini ya shaba. Mji ulimwepuka. Alikuwa akiwaomba wagonjwa wa homa tone la damu ya kidole, na mtu anayeomba damu halafu anaifungia ndani, unadhani ataitwa nini? Mumiani. Akina mama walivusha watoto upande wa pili wa njia.

Mwinyijuma alimweleza kesi tangu mwanzo. Kaitano, mtu mwembamba mwenye miwani, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaivuta hadubini karibu, akijitahidi kuificha furaha yake.

"Bwana Mwinyijuma, kuna daktari mmoja wa askari wa Kifaransa, huko Aljeria, alitazama damu ya wagonjwa wa homa kama hii, sasa ni mwaka wa saba. Akaona kitu hai ndani yake. Mdudu. Anaishi ndani ya damu, anaila, na humwacha mtu wake na uchafu mweusi. Wakubwa wengi walimcheka. Mimi nimemwona mdudu huyo kwa macho yangu. Sumu haina mdudu. Nipatie damu ya hao watu nami nitakuambia kinachowaua ni nini."

"Hawatakupa."

"Najua."

"Basi anza na mimi," alisema Mwinyijuma, akanyoosha kidole.

Jumanne asubuhi walikwenda wote wawili kwa jirani. Mbelwa alipoona sindano alijikokota mpaka ukutani. Mwinyijuma alichomwa mbele yake, Hoza akachomwa, Kaitano akajichoma mwenyewe. Mbelwa akatikisa kichwa tu. Ndipo mama yake, aliyekuja amejifunika kaniki, akaketi ukingoni mwa kitanda akaushika mkono wa mwanawe kwa nguvu.

"Mpe," alisema. "Nimekwisha zika mmoja. Nataka kujua kilichomla."

Mbelwa akafumba macho, akatoa kidole.

Wakarudi na damu ile chumbani kwa daktari. Mwinyijuma hakuwahi kutazama ndani ya hadubini. Katika damu yake aliona visahani vyekundu vingi, vimetulia. Katika damu ya Mbelwa, mwanzoni aliona hivyo hivyo. Kisha Kaitano akageuza kiskurubu, na ndani ya sahani moja pakawa na kitu cha mviringo chenye punje nyeusi, na punje zinachezacheza. Kingine pembeni, chembamba, kimepinda kama mwezi mwandamo. Alitazama mpaka shingo ikamuuma. Wagonjwa watano, damu tano, na zote zilikuwa na wageni wale.

"Ahsante," alimwambia Kaitano. "Miaka yangu thelathini ya kazi nimetafuta waongo na wezi. Hakuna aliyepata kunionyesha muuaji akiwa kazini."

Kaitano akatoa chupa ya kwinini, dawa chungu ya unga mweupe, akawapimia wote watano.

"Kama ni mdudu, hii itampiga. Kama ni sumu, haitafanya kitu. Nitatazama damu tena Alhamisi."

"Na huyu mdudu aliwaingiaje?"

"Wengi wanasema hewa mbaya ya kinamasi. Wengine maji ya kunywa. Umeniambia kuna mashimo. Hewa yake, bila shaka."

Mwinyijuma aliketi juu ya kasha la vitabu bila kukaribishwa.

"Sisi wa pwani homa hii tumeizoea tangu utoto, basi tuwatazame wageni tu. Maji walikunywa ya kisima kimoja, wote. Chakula chungu kimoja. Hewa je, bafta inazuia hewa? Mama alivuta hewa ile ile, hatua kumi kutoka mashimoni. Hoza alivuta hewa ile na moshi juu yake. Daktari, mimi si msomi. Natafuta tu kitu ambacho kilikuwepo kibarazani, hakikupenya chandarua, na kinachukia moshi wa makumbi. Mtoto yeyote wa Bagamoyo atakutajia."

Kaitano alivua miwani. "Mbu?"

"Anakunywa damu, yule. Nani ajuaye anachoacha akishakunywa?"

"Sijasoma hilo katika kitabu chochote kuhusu homa."

"Andika wewe."

"Watanicheka, Bwana Mwinyijuma. Watu saba wa Usambara na chandarua kimoja si ushahidi."

Lakini alikwenda mezani, akaandika mistari michache katika daftari lake, na mwishoni akaweka alama ya kuuliza. Mpelelezi alimwona. Hakumlaumu, maana hata yeye hakuwa na la kuapia.

*

Ijumaa baada ya sala baraza la liwali lilijaa mpaka uani. Sada aliletwa na minyororo. Mbelwa aliingia akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na hilo peke yake lilizua mnong'ono. Tangu Jumatano usiku hakuwa ametetemeka.

Mwinyijuma hakuhutubu. Alimwomba liwali kidole. Watu wakasogea mbele. Liwali, ambaye hakutaka kuonekana mwoga mbele ya mji, alichomwa akakunja uso, kisha akainama kwenye hadubini iliyowekwa dirishani. Akatazama damu yake. Akatazama damu ya Sada. Akawekewa kioo cha Jumanne, damu ya Mbelwa iliyokaushwa, na hapo alikaa sana. Alipoinua kichwa alikuwa amesahau watu.

"Haya madoadoa meusi?"

"Ndiyo muuaji wa Mweta, bwana," alisema Kaitano. "Jana nimetazama tena damu ya Mbelwa. Vile vya mviringo vimekwisha. Vile vya mwezi bado vimo vichache, sitakuficha, lakini homa imeondoka kwa wote watano. Kwinini haitoi sumu."

"Mama na binti walikula sinia ya Sada, wazima," alisema Mwinyijuma. "Hoza alikula jikoni kwake siku tatu, mzima." Alimtupia kijana jicho, naye akatazama chini. "Watu mia mbili walikula, na mimi mara tatu. Waliougua ni waliolala kibarazani. Kilichowaangusha, bwana, hakikupita mdomoni. Kilipitia wapi nina shuku zangu, lakini si shuku za kumfunga mtu."

Liwali alimtazama mfungwa, kisha mlinzi. "Mfungueni."

Minyororo ilipoanguka Sada hakulia wala hakushangilia. Aliuliza saa ngapi, akajibiwa, akaondoka haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Alasiri Mwinyijuma alikuwa kwa jirani akiwaaga wagonjwa pale Sada alipotokea mlangoni na kichungu cha uji wa mchele, mwembamba, unanuka ndimu. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono yenye makovu imekishika kichungu kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mpelelezi aliona kwamba anaogopa. Wakikataa uji ule, mji mzima ungejua kabla ya magharibi, na hakuna atakayemwita tena kupika shughuli yoyote.

Mbelwa aliinuka kwa kujivuta, akaenda mpaka mlangoni, akaishika kata iliyokuwa kichunguni. Alichota, akanywa palepale huku amesimama, uji ukimtiririka ndevuni.

"Nisamehe, dada," alisema. "Ahsante."

Sada akakiinamisha kichungu ili achote tena. Nyuma ya Mbelwa mama yake alikuwa amesimama.

"Mweta wangu," mama alisema, "usiku wa mwisho wa matanga aliniambia, mama, tukirudi kwetu nani atatupikia bokoboko kama hili? Akalala ameshiba. Hakupata siku nyingine ya furaha kama ile." Akaushika mkono wa Sada wenye makovu kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante kwa kumshibisha mwanangu. Sasa nitilie na mimi."